Mfupa wa Maiti Katika Maabara: Vipi Huandaliwa Kupimwa Umri, na Ipi Hukumu Yake?

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa mifupa na Mwenye kuirejeshea uhai baada ya kuoza. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, usiku mmoja baada ya sala ya Isha, tukiwa katika darsa hapa Kariakoo, aliingia kijana fundi akiwa na mfuko wa saruji begani. Aliuweka mlangoni karibu na viatu, akakaa nyuma mpaka tulipomaliza. Alipoufungua tuliona mfupa wa paja, mbavu kadhaa na kipande cha fuvu, vyote vimeshika mchanga. Walikuwa wakichimba msingi wa ghorofa, akasema, na msimamizi aliwaamuru waitupe pamoja na kifusi. Yeye moyo wake ulikataa.

Hapo zilitoka rai tatu. Mzee mmoja alisema izikwe usiku ule ule. Mwingine alisema polisi waitwe kwanza. Wa tatu, mwanafunzi wa chuo, alisema ipelekwe maabara ikapimwe kaboni-14, ili ijulikane ni ya zama gani na kama ni ya Muislamu. Wazee wakamkemea, naye akanyamaza. Sisi tuliona kwamba swali lake linastahiki jibu, si kemeo. Wanazuoni wa Usuli wana kanuni mashuhuri kwamba hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu kitu chenyewe. Basi tuanze na hadhi ya mfupa, kisha tuingie maabara tuone hasa kinachofanyika humo, na mwisho turejee kwenye hukumu.

HADHI YA MFUPA WA MAITI

Mwenyezi Mungu ametaja katika Suratul Israa, aya ya 70, kwamba amewatukuza wanaadamu, na utukufu huo haukatiki kwa mauti. Katika hadithi ya Bi Aisha (r.a.) iliyopokewa na Abu Daud na Ibn Majah, Mtume (s.a.w.) amelinganisha kuuvunja mfupa wa maiti na kuuvunja akiwa hai. Kwa hiyo asili ya jambo hili ni uharamu: kaburi halifukuliwi, na mfupa hauguswi kwa kuudhi wala kwa mchezo.

Hata hivyo, asili hiyo ina yanayoitoka. Jabir bin Abdillah (r.a.) alimfukua baba yake, shahidi wa Uhud, baada ya miezi sita ili amzike peke yake, na habari hiyo imo katika Sahihi Bukhari. Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika al-Majmuu kuwa kufukua bila ya sababu ya kisharia hakufai, na kwamba inafaa maiti akishaoza na kuwa udongo, na kwamba anayerejewa katika kujua hilo ni mtu mjuzi wa ardhi ya mahali hapo. Aidha mafaqihi wetu wa Kishafii wamesema kwamba mwanamke akifa na tumboni mwake mna mtoto aliye hai na anayetarajiwa kuishi, tumbo hupasuliwa, kwani hapo sehemu ya maiti inatolewa kwa ajili ya kuokoa aliye hai.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, heshima ya maiti huweza kutanguliwa na haki iliyo kubwa zaidi. Pili, fiqhi yenyewe imewarejea wenye ujuzi tangu zamani. Swali linalobaki ni hili: je, kujua umri wa mfupa ni haki kubwa kiasi cha kuhalalisha kuugusa? Na kuugusa huko ni kwa kiasi gani?

KABONI-14 NI NINI?

Kila kilicho hai kina kaboni ndani yake. Sehemu ndogo mno ya kaboni hiyo, takriban atomi moja katika kila atomi trilioni, ni ya aina iitwayo kaboni-14. Hii huzaliwa juu angani kwa miale itokayo anga za mbali, ikaingia katika mimea, na kutoka kwenye mimea ikaingia kwa wanyama na watu. Maadamu kiumbe kinakula, akiba yake hujazwa kila siku. Kikifa, kujazwa kunakoma na akiba inaanza kupungua kwa mwendo usiobadilika: kila inapopita miaka 5,730 hubaki nusu ya ilivyokuwa. Anayepima kilichobaki anaweza kukadiria ni lini uhai ulikoma. Njia hii iliasisiwa na Willard Libby na wenzake huko Chicago mwishoni mwa miaka ya 1940, naye akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1960.

Hesabu ni nyepesi. Uzito wa kazi uko katika kuupata mfupa wenyewe ukiwa safi, kwani mfupa uliolala ardhini miaka 600 umekwishaingiwa na kaboni za wageni: mizizi, maji ya udongo, chokaa, na hata gundi ya wachimbaji. Mashine inahesabu tu; haiulizi kama kaboni hii ni ya maiti au ya mzizi wa mwembe.

MFUPA HUANDALIWA VIPI?

Hatua ya kwanza ni kuchagua. Hutafutwa mfupa mgumu wenye ukuta mnene, kama wa paja, au jino, au ule mfupa mgumu sana wa ndani ya sikio. Mfupa laini wenye vitundu kama sifongo hauna kinga dhidi ya uchafu. Kabla ya kukata, mfupa hupigwa picha, hupimwa na kuandikwa. Kisha hukatwa kipande cha nusu gramu hadi gramu 1, uzito wa punje 3 hivi za mahindi, na uso wake wa nje hukwanguliwa kwa sababu ndio uliogusana na udongo na mikono ya watu.

Hatua ya pili ni kuondoa madini. Sehemu kubwa ya mfupa ni madini, na madini hayo hubadilishana kaboni na maji ya ardhini, kwa hiyo hayaaminiki. Kipande hulowekwa katika asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, mpaka madini yayeyuke na kubaki kitu laini kinachopinda. Aliyewahi kuuacha mfupa wa kuku ndani ya siki kwa siku kadhaa analijua jambo hili. Hicho kinachobaki ni protini iitwayo kolajeni, ambayo mwili wenyewe uliifuma wakati wa uhai. Hiyo ndiyo inayotafutwa.

Hatua ya tatu ni kuosha kwa alkali hafifu ili kuondoa asidi nyeusi zinazotokana na majani na mizizi iliyooza, kisha kurudia asidi kidogo, kwani alkali nayo hunyonya kaboni ya hewa.

Hatua ya nne ni kuyeyusha. Kolajeni huwekwa katika maji yenye asidi kidogo, yakapashwa joto la kiasi cha nyuzi 75 kwa saa nyingi mpaka igeuke kuwa gelatini. Wenye kunywa supu ya makongoro pale sokoni wanafahamu kwamba supu ikipoa huganda na kunata vidoleni. Ni kitu kile kile. Kisha huchujwa. Maabara nyingi huongeza chujio lenye vitundu vidogo mno, linalobakisha minyororo mirefu ya protini na kupitisha vipande vifupi vilivyoharibika pamoja na uchafu. Mwisho hukaushwa kwa baridi kali, na hupatikana kitu cheupe chepesi kama pamba.

Hatua ya tano ni kukikagua kilichopatikana. Mfupa mbichi una kolajeni kiasi cha asilimia 20 ya uzito wake. Ikiwa iliyopatikana haifiki asilimia 1, maabara nyingi huukataa mfupa huo. Hupimwa pia uwiano wa atomi za kaboni kwa nitrojeni, na katika kolajeni nzima uwiano huo huwa kati ya 2.9 na 3.6. Ukitoka nje ya mipaka hiyo, basi kimechanganyika na kitu kingine, na jibu lake halichukuliwi. Wanafunzi wa Hadithi hawatauona utaratibu huu kuwa mgeni: mpokezi hukaguliwa kabla ya riwaya yake, na asiyejulikana uadilifu wake hayapokelewi maneno yake hata yakiwa matamu.

Hatua ya mwisho ni kuichoma kolajeni iwe gesi ya kabonidayoksaidi, kuigeuza gesi hiyo kuwa grafiti, na kuipeleka kwenye mashine kubwa inayohesabu atomi za kaboni-14 moja moja. Kwa watafiti wa nchini kwetu, sampuli hizi hupelekwa nje, mathalan Ulaya, Marekani, au Johannesburg nchini Afrika Kusini.

Hapa tuzingatie jambo ambalo wengi hawaambiwi: kile kipande kilichokatwa hakirudi. Kimeyeyushwa na kuchomwa. Kinachoweza kurudi ni mfupa uliobaki, na pengine salio la kolajeni.

YANAYOIHARIBU TAREHE

Joto la pwani yetu huila kolajeni upesi kuliko ardhi za baridi, na si ajabu mfupa ukakatwa, ukayeyushwa, na usitoe jibu lolote.

Jambo la pili ni gundi. Baadhi ya dawa za kuhifadhia mifupa hutokana na mafuta ya petroli, na petroli haina kaboni-14 hata chembe, kwa kuwa ni ya kale mno. Kila asilimia 1 ya kaboni hiyo iliyokufa huuzeesha mfupa kwa miaka 80 hivi, na asilimia 5 huuzeesha kwa miaka 400. Maana yake, kaburi la mwaka 1400 litasomeka kama la mwaka 1000, na atatokea mtu kuandika kuwa Waislamu walifika mahali fulani karne nne kabla ya ukweli.

La tatu ni samaki. Maji ya bahari yana kaboni iliyokaa kwa muda mrefu, kwa wastani wa dunia kiasi cha miaka 400. Mtu aliyepata nusu ya protini yake kwa samaki, mfupa wake unaweza kuonekana mkongwe kwa miaka 200 hivi kuliko ulivyo. Ni nani katika watu wa Kilwa, Lamu au Mtwapa asiyekula samaki? Wataalamu hupima aina nyingine za kaboni na nitrojeni katika kolajeni hiyo hiyo ili kujua chakula cha maiti, kisha hurekebisha hesabu. Asiyerekebisha amedhulumu tarehe.

La nne ni kudhani kuwa jibu ni mwaka mmoja. Maabara hutoa muda, mathalan kati ya mwaka 1290 na 1400, tena kwa kiwango fulani cha uhakika. Msomaji akiambiwa mwaka mmoja tu, na aulize.

YALIYOFANYIKA PWANI YETU

Jambo hili si la nchi za mbali. Mnamo Machi 2023 lilichapishwa katika jarida la Nature utafiti juu ya mabaki ya watu 80 wa zamani, wengi wao kutoka miji ya pwani: Mtwapa, Manda na Faza nchini Kenya, na Kilwa, Songo Mnara na Lindi hapa Tanzania, pamoja na Makwasinyi iliyo bara. Wa miji ya pwani waliishi takriban kati ya mwaka 1250 na 1800. Mifupa na meno yao yalichukuliwa vipande vidogo kwa ajili ya kupima nasaba, na kadhaa ikapimwa kaboni-14 ili kila mtu awekwe katika zama zake.

Walichokipata kina uzito kwetu. Nasaba za Kiafrika, hasa kwa upande wa akina mama, na nasaba za Asia, kwa sehemu kubwa za wanaume kutoka Uajemi, zilianza kuchanganyika karibu na mwaka 1000, na baada ya mwaka 1500 upande wa Uarabuni ukaongezeka. Waliokuwa wakidai kwamba masimulizi ya Washirazi ni hadithi tupu, na waliokuwa wakidai kuwa wenyeji hawakuwa na fungu katika ustaarabu huu, wote wamepewa la kutafakari.

Linalotuhusu zaidi ni namna kazi hiyo ilivyofanywa. Profesa Chapurukha Kusimba, Mkenya aliyechimba Mtwapa kwa miaka mingi, alikaa kwanza na wenyeji mpaka wakamuamini, na kwa kuheshimu matakwa yao kuchimba, kuchukua sampuli na kuzika tena kulifanywa katika msimu mmoja. Mifupa haikuachwa katika maboksi.

Upo pia mfano wa upande wa pili. Huko Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 na kukuta misikiti imejengwa mmoja juu ya mwingine, ya chini ikiwa midogo, ya miti, ya karne ya 8. Tarehe hizo zilisimama juu ya tabaka za udongo, vyombo vilivyoletwa kwa jahazi na vitu vingine vilivyomo katika tabaka hizo. Mkaa wa jikoni, mbegu iliyoungua na mfupa wa ng'ombe aliyeliwa navyo vina kaboni-14. Mara nyingi historia inaweza kuulizwa bila ya kumgusa aliyelala.

HUKUMU NA MASHARTI YAKE

Baraza la Fiqhi la Rabita mjini Makka, katika kikao chake cha kumi mwaka 1408 Hijria, sawa na 1987, liliruhusu kupasua maiti kwa uchunguzi wa jinai, wa maradhi na kwa mafunzo ya tiba, kwa masharti ya kutovuka kiasi cha haja na kuzikwa sehemu zote. Wapo wanaolichukua hilo kuwa kipimo cha mas-ala yetu. Sisi tunaona kuna tofauti mbili. Ya kwanza, kule haja ni uhai na haki za watu, hapa ni elimu ya historia, nayo iko chini yake. Ya pili, kule sehemu zote huzikwa, hapa kipande kinateketea. Kwa hiyo mlango wa hapa ni mwembamba zaidi, ijapokuwa haukufungwa.

Tunaloliegemea ni kwamba haifai kufukua kaburi la Muislamu linalojulikana na lenye watu wake kwa ajili ya kupima umri tu. Ama mifupa ya kale iliyokwishafichuliwa kwa mmomonyoko wa bahari, ujenzi, au uchimbaji uliopata idhini ya serikali na wenyeji, kuchukua kiasi kidogo kunaweza kufaa kwa masharti haya:

1. Liwepo swali la maana ambalo mkaa, mbegu au mfupa wa mnyama hauwezi kulijibu.
2. Wenyeji na maimamu wao waulizwe kabla, si baada.
3. Kichukuliwe kipande kimoja kidogo, na kama kuna vipimo viwili, vyote vitoke katika kipande hicho, kwani kinachoruhusiwa kwa haja hukadiriwa kwa kiasi chake.
4. Ipimwe kwanza chembe ndogo kama kolajeni ipo. Kuukata mfupa usioweza kujibu ni kuuharibu bure.
5. Mfupa usipakwe gundi wala dawa, ushikwe kwa mikono yenye glavu, na ufungwe katika karatasi safi ya alumini.
6. Uliobaki uzikwe kwa muda uliokubaliwa, na salio la maabara lidaiwe lirudi.

Anayeandaa mfupa ovyo amekosea mara mbili: amemvunjia heshima maiti, na badala ya elimu amewapa watu uongo wenye tarakimu. Usafi wa sampuli, kwa hiyo, ni amana ya kisharia kabla ya kuwa kanuni ya maabara.

NA MIFUPA YA KARIAKOO?

Tulimjibu yule mwanafunzi hivi. Mwanangu, kaboni-14 haijui dini ya mtu. Inayoijua ni namna alivyolazwa. Muislamu hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekea Kibla, ambacho kwetu kiko kaskazini, hivyo kichwa huwa mashariki. Ushahidi huo ulikuwa ardhini, ukapotea pale koleo lilipoingia na mifupa ikatiwa mfukoni.

Kuhusu umri pia tulimwambia kwamba kipimo kingetusaidia kidogo mno. Mji huu Sayyid Majid bin Said aliuanzisha katika miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima, na jina la Kariakoo lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Yumkini mifupa ile ni ya karne mbili au tatu hizi. Ilhali tangu kiasi cha mwaka 1650 mpaka 1950 kiwango cha kaboni-14 hewani kilipanda na kushuka, hata kipimo kimoja huweza kuafikiana na miaka mingi tofauti. Tungeyeyusha mfupa wa mja wa Mwenyezi Mungu ili tuambiwe ni wa kati ya 1680 na 1940. Kitu kimoja ambacho kipimo hiki hukitambua vyema ni mtu aliyekuwa hai baada ya mwaka 1955, kwa sababu majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliongeza kaboni-14 hewani. Hilo linawahusu wapelelezi wa jinai, wakilihitaji.

Basi usiku ule ule polisi waliarifiwa. Walipojiridhisha na mifupa ikarejeshwa, ilivikwa kitambaa cheupe na kuzikwa katika ardhi ya makaburi. Yule fundi ndiye aliyeshuka kaburini kuipokea, na yule mwanafunzi akampa mkono kupanda.

Nasaha yetu kwa maimamu wa mjini, ambako misingi huchimbwa kila siku, ni kuwafundisha mafundi kabla ya tukio. Mfupa ukionekana, koleo lisimame. Usiondolewe. Upigwe picha ulivyolala na uelekeo uandikwe. Polisi na serikali ya mtaa waitwe, na ikiwa kuna dalili ya ukale, wahusika wa mambo ya kale nao waarifiwe, kwani sheria ya nchi ya mwaka 1964 inalinda mabaki ya kabla ya mwaka 1863. Baada ya hapo ndipo liulizwe la maabara, na aulizwe mwenye elimu ya fani hiyo pamoja na mwenye elimu ya fiqhi, kila mmoja kwa lake.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.